William Beaumont: Daktari aliyechungulia tumbo la mtu aliye hai

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI ya Juni 6, 1822, duka la kampuni ya American Fur Company katika kisiwa cha Mackinac, kaskazini mwa Marekani, lilikuwa limejaa watu. Yalikuwa ni majira ambayo wawindaji na wapiga makasia waliteremka kutoka misituni na shehena za ngozi za wanyama walizozikusanya kipindi chote cha baridi.

Katikati ya msongamano huo, gobore la mtu mmoja lilifyatuka kwa bahati mbaya. Kijana aliyekuwa amesimama umbali usiozidi mita moja kutoka kwenye mtutu alianguka, shati lake likiwaka moto.

Kijana huyo aliitwa Alexis St. Martin, Mkanada wa jamii ya wanaozungumza Kifaransa, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga makasia na kubeba mizigo ya kampuni hiyo. Gobore lilikuwa limeshindiliwa marisawa, vile vigololi vidogo vya kuwindia bata, na shehena yote iliingia katika ubavu wake wa kushoto.

Daktari wa ngome ya jeshi iliyokuwa juu ya kilima cha kisiwa hicho, William Beaumont, aliitwa haraka. Alikuta jeraha lenye ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Mbavu zilikuwa zimevunjika, kipande cha pafu kilikuwa kimechomoza nje, na chini yake sehemu ya mfuko wa tumbo nayo ilikuwa imejitokeza, ikiwa na tundu lililokuwa likivujisha chakula alichokula kijana huyo asubuhi ile.

Beaumont alisafisha jeraha, akarudisha ndani alichoweza kukirudisha, kisha akaondoka akiamini kuwa majeruhi asingemaliza saa 36. Alikosea. St. Martin aliishi miaka 58 zaidi, na tundu lile halikuziba mpaka alipoingia kaburini.

Ni tundu hilo lililomfikisha Beaumont, daktari ambaye hakuwahi kukanyaga chuo cha utabibu, katika safu ya waasisi wa elimu ya mmeng'enyo wa chakula. Na ni tundu hilo hilo lililozaa mgogoro wa miaka mingi kati ya watu wawili: mmoja akiamini kwamba aliyemwokoa ana deni lake, mwingine akiamini kwamba tumbo lake ni mali yake.

Beaumont alizaliwa Novemba 21, 1785, katika mji mdogo wa Lebanon, jimbo la Connecticut, akiwa mtoto wa mkulima. Alipofikisha umri wa miaka 21 hivi aliaga nyumbani. Inaelezwa kuwa alichoondoka nacho ni farasi mmoja, kigari cha kuteleza juu ya theluji, pipa la mvinyo wa matofaa na dola 100.

Alifika kaskazini mwa jimbo la New York, karibu na mpaka wa Kanada, akapata kazi ya ualimu wa shule katika kijiji cha Champlain. Akiwa mwalimu alisoma kila kitabu cha tiba alichoweza kuazima.

Wakati huo kijana asiye na fedha aliweza kuwa daktari kwa kukaa chini ya daktari mwingine, kama fundi anavyomlea mwanafunzi wake. Beaumont alifanya hivyo mjini St. Albans, jimbo la Vermont, kwa Dk. Benjamin Chandler. Aliandaa dawa, alifagia chumba cha wagonjwa, alishika taa wakati wa upasuaji na kuandika kila alichokiona. Tabia hiyo ya kuandika kila kitu hakuiacha maisha yake yote.

Alipata leseni Juni 1812, mwezi ule ule Marekani ilipotangaza vita dhidi ya Uingereza. Beaumont alijiunga na jeshi akiwa msaidizi wa daktari wa upasuaji. Aprili 1813 alikuwepo katika shambulio la York, mji ambao leo unaitwa Toronto, ambako ghala la baruti lililipuka na kuua na kujeruhi askari wengi kwa mkupuo mmoja. Alikata miguu na mikono ya majeruhi usiku na mchana. Zama hizo dawa ya usingizi ilikuwa bado haijagunduliwa.

Vita vilipokwisha alifungua zahanati yake katika mji wa Plattsburgh, lakini baada ya miaka michache alirejea jeshini, na mwaka 1820 alipelekwa Mackinac. Mwaka uliofuata alimuoa Deborah, mwanamke wa Plattsburgh. Kisiwani pale ndiye alikuwa daktari pekee kwa mamia ya kilometa.

Kwa siku 17 za mwanzo baada ya ajali, kila alichomeza St. Martin kilitokea ubavuni. Beaumont alimlisha kwa njia ya haja kubwa ili asife kwa njaa. Baadaye alijifunza kuliziba tundu hilo kwa vitambaa na plasta, chakula kikaanza kubaki ndani na choo kikarudi katika hali ya kawaida.

Mwili wa kijana ulipona kwa namna ya ajabu. Kingo za tundu la mfuko wa tumbo, badala ya kuungana zenyewe, zilishikamana na nyama na ngozi ya ubavu. Matokeo yake yakawa mlango wa kudumu kutoka nje hadi ndani ya tumbo.

Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, utando wa ndani wa tumbo ulijikunja na kufanya kama pazia juu ya tundu hilo. Chakula hakikuvuja tena. Lakini kwa kulisukuma pazia hilo kwa kidole, mtu aliweza kuchungulia tumboni mwa mwenzake na kuona kinachoendelea.

Aprili 1823 viongozi wa wilaya walichoka kugharimia matunzo yake. Walimtangaza kuwa fukara na kutaka apakiwe kwenye boti arudishwe kwao Kanada, safari ya zaidi ya kilometa 2,000, akiwa bado na kidonda kibichi. Beaumont alipinga na kumchukua nyumbani kwake, akamvisha, akamlisha na kumsafisha kidonda kila siku kwa karibu miaka miwili.

Taarifa yake ya kwanza kuhusu mgonjwa huyo ilichapishwa katika jarida la kitabibu la Philadelphia mwaka 1825. Kwa makosa ya wachapaji, ilitoka na jina la mkuu wake wa kazi, Mganga Mkuu wa jeshi, Joseph Lovell. Si jambo dogo kwa mtu aliyekuwa na kiu ya kutambulika, ingawa Lovell mwenyewe hakuwa na hila na aliendelea kuwa mlezi wake.

Ili kuelewa kwa nini tundu lile lilikuwa na thamani, yafaa kukumbuka kwamba hadi wakati huo wasomi hawakuwa wamekubaliana tumbo hufanya nini hasa. Wapo waliosema ni chungu kinachopika chakula kwa joto la mwili. Wengine walisema ni kinu kinachosaga. Wapo pia walioshikilia kwamba chakula huoza tu mle ndani, au kwamba kuna nguvu ya uhai isiyoelezeka inayokibadilisha.

Majaribio yalikuwa yamefanyika. Mfaransa Réaumur, katikati ya karne ya 18, alimmezesha ndege wa mawindo sifongo ili zinyonye maji ya tumboni, kisha akazikamua. Mtaliano Spallanzani alimeza mwenyewe vifuko vya kitambaa vyenye chakula na kusubiri vitoke upande wa pili. Mwaka 1824 jijini London, William Prout alionyesha kuwa maji ya tumbo la wanyama yana asidi ya haidrokloriki. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia kwa macho, saa kwa saa, ndani ya binadamu aliye hai.

Agosti 1, 1825, saa sita mchana, katika ngome ya Niagara alikokuwa amehamishiwa, Beaumont alifunga vipande vidogo vya vyakula kwenye uzi wa hariri na kuvitumbukiza kupitia tundu la St. Martin. Kulikuwa na nyama ya ng'ombe iliyoungwa kwa viungo, nyama mbichi ya nguruwe yenye mafuta iliyotiwa chumvi, nyama mbichi ya ng'ombe iliyotiwa chumvi, nyama ya chumvi iliyochemshwa, mkate uliochacha na kabichi mbichi.

Saa saba alivuta uzi. Kabichi na mkate vilikuwa vimeyeyuka nusu, nyama zilikuwa kama zilivyoingia. Akavirudisha. Saa nane kabichi, mkate, nyama ya nguruwe na ile iliyochemshwa vilikuwa vimetoweka kabisa kwenye uzi.

Jaribio lilikatishwa kwa kuwa kijana alilalamika maumivu ya kifua, uchovu na kuumwa kichwa. Siku iliyofuata hali yake ilikuwa bado mbaya. Beaumont alimpa tiba, na hakuona sababu ya kumsumbua kumeza: vidonge vya kuharisha alivitumbukiza moja kwa moja tumboni kupitia tundu.

Siku chache baadaye alifanya jaribio ambalo kwa wengi ndilo kiini cha kazi yake yote. Aliingiza kipimajoto na kukuta joto la nyuzi 100 za Farenhaiti, sawa na nyuzi 38 hivi za Selsiasi. Kisha kwa mpira mwembamba alichota maji ya tumbo, akayatia katika kichupa pamoja na kipande cha nyama, akakiweka kichupa hicho ndani ya maji yaliyohifadhiwa katika joto lile lile. Kipande kingine cha aina hiyo hiyo alikining'iniza ndani ya tumbo la St. Martin.

Nyama ya kwenye kichupa ilianza kulainika ndani ya dakika 40. Hadi usiku ilikuwa imeyeyuka yote, juu ya meza, pasipo tumbo, pasipo kusagwa, pasipo nguvu yoyote ya ajabu. Ile ya tumboni iliyeyuka kwa namna hiyo hiyo, ila kwa kasi zaidi. Hapo ikawa wazi kwamba mmeng'enyo wa tumboni ni kazi ya kikemia inayofanywa na maji maalumu, na joto la mwili ni msaidizi tu.

Kabla ya mwaka huo kwisha, St. Martin alitoweka. Alivuka mpaka kurudi Kanada bila kuaga, akaoa, akapata watoto wawili na kurejea katika kazi ya mitumbwi, tundu likiwa limefunikwa kwa kitambaa chini ya shati. Beaumont aliona ametendewa bila shukrani. Kijana yule hakuacha maandishi ya kueleza aliona nini, kwani hakujua kusoma wala kuandika, lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kusema.

Iliwachukua mawakala wa biashara ya ngozi miaka kadhaa kumpata. Mwaka 1829 alikubali kwenda, safari hii na mke na watoto, hadi ngome ya Crawford kandokando ya mto Mississippi, umbali wa karibu kilometa 3,200. Beaumont alilipa gharama zote kutoka mfukoni mwake.

Huko, kati ya Desemba 1829 na Machi 1831, siku za St. Martin ziligawanyika mara mbili. Upande mmoja alikuwa mtumishi wa nyumba ya daktari, akipasua kuni na kubeba mizigo. Upande wa pili alikuwa maabara. Alilazwa chali, akafungwa vipande vya nyama tumboni, akakaa na vichupa vya maji ya tumbo lake kwapani ili visipoe.

Beaumont aliandika hali ya hewa ya kila siku, upepo ulikotoka, na kama tumbo lilikuwa jekundu au jeupe. Alibaini kuwa maji ya mmeng'enyo hayakai tumboni yakisubiri, bali hutoka chakula kinapoingia. Hata alifikia hatua ya kugusa utando wa tumbo tupu la mwenzake kwa ulimi wake, akathibitisha kuwa hauna uchachu wowote mpaka chakula kiwepo.

Alibaini pia kwamba mgonjwa wake alipokasirika, mmeng'enyo ulivurugika na nyongo ikaonekana tumboni. Baada ya siku kadhaa za ulevi, utando wa tumbo ulikuwa na wekundu na vidonda ilhali mwenyewe akisema hajisikii vibaya. Hilo la mwisho lingetosha kumpa Beaumont heshima hata kama asingegundua jingine: tumbo linaweza kuumia kimya kimya.

Familia ilitamani kurudi kwao, na mwaka 1831 iliruhusiwa kuondoka. Lakini Oktoba 1832, mjini Plattsburgh, wawili hao walikutana tena, sasa mbele ya hati ya mkataba. St. Martin alijifunga kumtumikia Beaumont kwa mwaka mmoja, kumfuata popote atakapokwenda na kulitoa tumbo lake kwa majaribio. Malipo yalikuwa chakula, malazi, mavazi na dola 150, ambapo dola 40 zilitangulizwa. Aliyeuza aliweka alama ya msalaba mahali pa sahihi.

Walikwenda Washington. Lovell alimsaidia Beaumont kwa kumwandikisha St. Martin jeshini kwa cheo cha sajenti, ili mshahara wake ulipwe na serikali. Huenda hakuna sajenti mwingine katika historia ya jeshi lile aliyelipwa kwa kazi ya kumeng'enya nyama.

Majira hayo ya baridi yalizaa majaribio zaidi ya 100. Maji ya tumbo yalipelekwa kwa Profesa Robley Dunglison wa Chuo Kikuu cha Virginia na Profesa Benjamin Silliman wa Yale. Uchunguzi wa Dunglison ulithibitisha kuwepo kwa asidi ya haidrokloriki. Chupa nyingine ilivushwa bahari hadi Sweden kwa mwanakemia maarufu Berzelius, lakini haikumletea Beaumont jibu alilolitarajia.

Kitabu chake kilichapwa Plattsburgh mwaka 1833, kikiwa na kurasa 280. Kilieleza majaribio zaidi ya 200 na kufunga kwa hitimisho 51. Mwaka uliofuata kilikuwa kimetafsiriwa Ujerumani, na mwaka 1838 kikatolewa Edinburgh.

Sehemu iliyowavutia wasomaji wa kawaida ni jedwali la muda ambao vyakula mbalimbali vilichukua kuyeyuka tumboni mwa St. Martin. Wali ulichukua saa moja. Utumbo wa kuchemsha nao saa moja, habari njema kwa wapenzi wa supu ya asubuhi. Maziwa yasiyochemshwa saa mbili na robo, nyama ya ng'ombe ya kuchoma saa tatu, viazi vya kuchemsha na mkate wa ngano saa tatu na nusu. Nyama ya nguruwe ya kuchoma ilichukua saa tano na robo.

Takwimu hizo zilinakiliwa katika vitabu vya afya na mapishi kwa miongo mingi, mara nyingi bila kukumbushwa kwamba zilitoka katika tumbo la mtu mmoja, lenye jeraha, la mtu ambaye siku nyingine alikuwa na hasira na siku nyingine amelewa.

Aidha, Beaumont aliona chumba kimoja tu cha nyumba kubwa. Kuyeyuka tumboni si mwisho wa safari. Mmeng'enyo huanzia kinywani, ambako mate huanza kuvunja wanga. Tumboni, asidi hufungua njia kwa kimeng'enya kiitwacho pepsini kuvunja protini. Beaumont alihisi kwamba asidi peke yake haitoshi na kwamba kuna kitu kingine ndani ya maji yale. Mjerumani Theodor Schwann ndiye aliyekitambua kitu hicho na kukipa jina mwaka 1836.

Kutoka hapo chakula, kikiwa sasa uji mzito wenye uchachu, huruhusiwa kidogo kidogo kuingia katika utumbo mwembamba. Kongosho huleta vimeng'enya vya kuvunja wanga, protini na mafuta, pamoja na kemikali ya kupoza uchachu ule. Nyongo kutoka kwenye ini huyatenganisha mafuta kuwa matone madogo madogo, kama sabuni ifanyavyo kwenye sufuria.

Ni ndani ya utumbo huo, wenye urefu wa takriban mita sita, ndimo mwili unamopata riziki yake. Ukuta wake umejaa vijinyama vidogo mno vilivyosimama kama nyuzi za zulia, na kila kimoja kina mishipa ya damu ndani yake. Sukari na chembechembe za protini hupita humo kuingia kwenye damu na kupelekwa kwanza kwenye ini. Mafuta mengi hupita njia nyingine, mishipa ya limfu, kabla ya kuungana na damu karibu na moyo. Utumbo mpana hufyonza maji yaliyosalia, na kisichohitajika hutoka.

Yote hayo yalifahamika baadaye, kwa kazi ya watu wengi. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo, alitengeneza kwa upasuaji matundu katika matumbo ya mbwa. Kile ambacho bahati mbaya ya gobore ilimpatia Beaumont kwa mtu mmoja, wenzake walijifunza kukitengeneza kwa mikono yao, kwa wanyama.

Mwaka 1834 St. Martin aliomba ruhusa ya kwenda kuiona familia yake Kanada. Hakurudi tena. Mwaka huo huo Bunge la Marekani lilikataa ombi la Beaumont la kurejeshewa fedha alizotumia katika majaribio.

Daktari huyo alihamishiwa St. Louis, jimbo la Missouri. Mwaka 1836 Lovell alifariki dunia, na mkuu mpya hakuwa na muda na habari za matumbo. Alipoamriwa kuhama tena, Beaumont aliomba kujiuzulu jeshini na kubaki St. Louis akitibu raia, ambako alipata wateja wengi na kipato kizuri.

Lakini kivuli cha tundu kilimfuata. Mwaka 1840 mmiliki wa gazeti mjini humo, Andrew Davis, alipigwa kichwani kwa fimbo ya chuma barabarani na mtu aliyeitwa William Darnes. Beaumont alitoboa fuvu la majeruhi ili kupunguza mgandamizo, lakini majeruhi alifariki. Katika kesi iliyofuata, upande wa utetezi ulidai kuwa aliyemuua Davis si fimbo bali daktari, kwamba mtu aliyeacha tundu wazi kwenye tumbo la kijana maskini ili achungulie alikuwa na hamu ya kuchungulia na ubongo. Darnes alipatikana na kosa dogo la kuua bila kukusudia na kutozwa faini.

Tuhuma hiyo haikuwa ya haki kwa upande wa matibabu, kwani Beaumont alikuwa amejaribu mara nyingi kulifunga tundu la St. Martin, na yeye mwenyewe aliandika kuwa mgonjwa alikataa kushonwa. Hata hivyo, ni vigumu kusoma mkataba wa mwaka 1832 bila kuona kwamba daktari alikuwa na faida katika tundu hilo kubaki wazi.

Kwa karibu miaka 20 Beaumont aliandika barua Kanada, akiongeza dau kila mara. St. Martin, kwa mkono wa waandishi aliowatumia, alijibu kwa adabu. Aliuliza hali ya familia ya daktari, akaeleza umaskini wake, na kuweka sharti kwamba aende na mkewe na watoto. Beaumont alimtaka peke yake. Mazungumzo yalikwama hapo, mwaka baada ya mwaka, hadi barua za mwisho za mwaka 1852.

Machi 1853, akitoka kumtazama mgonjwa, Beaumont aliteleza kwenye ngazi zenye barafu na kugonga kichwa. Alifariki Aprili 25 mwaka huo akiwa na umri wa miaka 67, akazikwa katika makaburi ya Bellefontaine mjini St. Louis. Hospitali kuu ya jeshi mjini El Paso, Texas, ilipewa jina lake.

St. Martin aliendelea kuishi. Mwaka 1856 alizungushwa katika miji ya Marekani na mtu aliyejiita daktari, watu wakilipa ili walione tundu. Baada ya hapo alirejea kijijini, akilima na kupasua kuni, maskini kama alivyokuwa siku alipopigwa risasi. Alifariki Juni 24, 1880, huko Saint-Thomas, karibu na mji wa Joliette, Quebec.

Madaktari walikuwa wakisubiri. William Osler, aliyekuwa akifundisha tiba mjini Montreal na ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa matabibu mashuhuri zaidi duniani, aliomba kuuchunguza mwili na kulipata tumbo lile ili liwekwe katika makumbusho ya tiba ya jeshi mjini Washington.

Familia ilikataa. Waliuacha mwili nyumbani siku kadhaa katika joto la Juni mpaka ukaharibika kiasi cha kutomfaa mpasuaji yeyote, hata jeneza likaachwa nje ya kanisa wakati wa ibada. Kisha walimzika katika kaburi lenye kina cha futi nane. Mwaka 1962, chama cha wanafiziolojia wa Kanada kiliweka bamba la kumbukumbu kanisani hapo. Kaburi halikufukuliwa.